Nimekuwa Nikinywa Tangu Jana Jioni

Mimi niliogopa neno moja tu, drunk. Hiyo ndio ilinimaliza.

Lakini wacha nianze na mathe, mama yangu, juu bila yeye hakuna story. Mathe anaitwa Mwongeli, ametoka Kitui, na kazi yake ni kupikia watoto wa nasari kwa shule moja ndogo huko Kawangware. Sisi tunakaa Laini Saba, nyumba ya mabati, karibu na reli mpaka treni ikipita vikombe zinaongea. Kila asubuhi anatoka baridi ikiwa bado inauma, anaenda kuwasha jiko ya watoto wa wenyewe. Uji saa nne, lunch wali na maharagwe. Hiyo kazi anaipenda. Wale watoto anawajua kwa majina, huyu hakuli ngozi ya maharagwe, huyu anataka mchuzi kando. Akifika nyumbani anatuhadithia kama ni wake.

Shida ya hiyo shule ni Kiingereza. Kwa geti wameandika na rangi nyekundu, ENGLISH SPEAKING ZONE, na usidhani ni ya watoto peke yao. Director, Madam Musimbi, alifungua grupu ya WhatsApp ya wafanyakazi wote, kuanzia walimu mpaka askari wa geti. Sheria ni moja: Kiswahili hapana, Sheng hapana, lugha ya kwenu usijaribu. Ukikosea anakurekebisha hapo hapo na watu wote wanaona. Askari, mzee Shiundu, alirekebishwa mpaka akachoka, siku hizi anaweka tu ile dole gumba, hata kama ameulizwa swali.

Na mathe shule aliachia darasa la tano. Kiingereza ya kuongea ako nayo kidogo, ya good morning na food is ready. Ya kuandika hana. Kwa hivyo mwandishi wake alikuwa ni mimi.

Nilimaliza form four mwaka jana. English nilipata B plain, na hiyo B nimeizungusha Laini Saba yote kama kombe. Hizo masomo zingine usiniulize. Na tangu nimalize sijatulia mahali. Niliosha magari huko Olympic nikaacha. Nikaenda mjengo, mgongo ikakataa. Nikakaa kwa workshop ya Ogola, jirani yetu mwenye anatengeneza masanduku ya mabati, na Ogola akaniangalia siku mbili tatu akaniambia, "Musembi, wewe unapiga nyundo kama mtu anabisha kwa wakwe. Nenda tu, hatutakosana."

Kitu yenye nilikuwa nafanya vizuri mpaka mwisho ni kuandikia mathe meseji. Kuna ya siku ya wazazi niliandika, ati the cooking department is fully prepared, we have mobilised all sufurias. Madam Musimbi akaisoma kwa mkutano, mbele ya walimu. Akasema, look at our cook, hata walimu wengine hapa hawawezi andika hivi. Siku hiyo mathe alikanyaga matope ya Laini Saba kama ni carpet. Alinunua nyama. Hatukuwa tumepanga kudanganya mtu, ni vile hakuna mwenye aliuliza, na sisi tukanyamaza.

Sasa, juzi Jumanne mathe alirudi akiwa mgonjwa. Tumbo, joto, jasho. Akatuma nimwendee mwarobaini kwa mama mwingine anauza dawa za miti kando ya reli. Ikakuja kwa chupa ya soda, ile kubwa, maji yake kijani kama ya mtaro. Sijui kama umeonja mwarobaini. Ni uchungu mpaka masikio inafunga. Mathe akanywa kikombe, akatapika. Akangoja, akanywa ingine. Hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Na ujue mathe pombe hajawahi gusa. Buda, baba yetu, ndio alikuwa wa kukunywa, na hiyo ndio sababu hayuko na sisi. Mathe akipita penye wanapima chang'aa anavuka anaenda ng'ambo ile ingine, hata kama ng'ambo ile ingine ni matope. Kanisani anaimba kwaya, mstari wa mbele.

Jumatano asubuhi akaniita kwa kitanda.

"Musembi, andikia Madam. Mwambie leo sitaweza. Mwambie nimekunywa dawa tangu jana jioni, natapika, lakini naendelea vizuri. Nikimaliza hii chupa, kesho nitakuja."

"Sawa, mum."

"Na usitaje mwarobaini. Watasema naenda kwa waganga."

"Niseme tu ni dawa?"

Akafikiria. "Ukisema dawa watauliza ni ya hospitali gani. Wataitisha karatasi, na mpishi mgonjwa unajua wanamuogopa. Sema tu nakunywa. Wataelewa."

Nikakaa kwa ndoo hapo mlangoni na simu yake. Nikaandika, I have drunk. Nikaangalia. Have drunk. Hiyo drunk ilikuwa imekaa hapo kwa screen kama mlevi amelala kwa mlango. Nikasema, hapana, Madam Musimbi akiona neno drunk karibu na jina ya mathe, itakuwa mambo ingine. Nikafuta.

Ndio nikakumbuka mwalimu wetu wa English, Bwana Kimotho. Huyo alikuwa anachora mshale kwa ubao, anasema, vijana, kitu ikiwa imeanza kitambo na imeisha, umeona matokeo, weka have na verb yake, ufunge mlango. Lakini kitu ikianza kitambo na bado inaendelea, mlango iache wazi, weka have been na ing. Nikafikiria mathe. Alianza jana. Bado anakunywa. Kikombe iko hapo kwa stuli. Mlango iko wazi kabisa! Na have been drinking haina drunk ndani yake. Niliskia raha, wacha tu. Niliskia kama nimeokoa mama yangu.

Nikaandika hivi:

Good morning Madam Director and all staff. I regret to inform you that I will not report today. I have been drinking since yesterday evening. I have vomited several times but I have been continuing well. By tomorrow I will have finished the bottle, then I shall report. Kindly bear with me. God bless our school.

Nikamsomea.

"Drinking ni kunywa?" mathe akauliza.

"Ni kunywa."

"Na hapo kwa Mungu uko sawa. Tuma."

Nikatuma.

Watu wakasoma. Niliona wakisoma. Alafu mwalimu wa baby class, Ticha Audrey, akaweka ile mikono ya maombi. Mwingine akaandika, Lord have mercy. Mzee Shiundu akaweka dole gumba. Mwisho kabisa Madam Musimbi akaandika, Noted. We shall talk when you report.

"Wanasemaje?" mathe akauliza.

"Wanakuombea. Madam anasema ameona, mtaongea ukienda."

"Ni watu wazuri," mathe akasema, akachukua kikombe.

Saa nane hivi nikatoka, juu mimi kukaa na mgonjwa siwezi, miguu zinaniwasha. Nikashuka mpaka Olympic, nikakutana na Ryan. Ryan tulikuwa class moja, sema yeye anakaa Nyayo Highrise na kwao kuna kabati ya vitabu. Tukakaa kwa ukuta, tukaongea upuzi. Alafu akaanza kuniringia ati ameitwa interview ya kujibu simu za wateja, kila kitu ni English.

"Hata mimi si niko na English," nikamwambia. "Wacha nikuonyeshe kitu." Nikatoa simu ya mathe. Nilikuwa nataka aone hiyo will have finished, juu hiyo si ya kila mtu.

Ryan akasoma. Akasoma tena. Akaniangalia usoni kama anatafuta kama nacheza.

"Boss. Mathe yako ni mlevi?"

"Wewe! Mathe wa kwaya?"

"Si ndio hii umeandika. I have been drinking. Nimekuwa kwa pombe tangu jana."

"Hapana, hiyo ni dawa. Anakunywa dawa."

"Dawa iko wapi hapa? Nionyeshe dawa." Akaanza kucheka. "Kwa Kiingereza dawa haikunywangwi, bro. Watu wana-take medicine. Ukisema tu have been drinking na umenyamaza, kila mtu anajua ni tembo. Alafu ati ametapika! Alafu ati anaendelea vizuri!" Akashuka kwa ukuta juu alikuwa karibu kuanguka. "By tomorrow nitakuwa nimemaliza chupa! Musembi! Umemalizana na mathe yako kabisa!"

Sikucheka. Nilichukua simu, nikasoma tena, na kila mstari wenye nilikuwa nauona mtamu ukageuka hapo hapo nikiuangalia. Lord have mercy. We shall talk. Hata ile mikono ya maombi.

"Futa," Ryan akasema. Sasa alikuwa ameacha kucheka, ameona uso yangu. "Futa haraka, delete for everyone."

Nikafuta. Pale kwa grupu ikabaki tu hiyo maandishi ya kusema kuna meseji imefutwa. Tukaiangalia sisi wawili.

"Wueh," Ryan akasema pole pole. "Sasa hiyo ni kama ameamka, pombe imetoka, akaona aibu."

Na ukweli ni hivyo ndio ilikaa. Ungeniambia niandike ingine ya kueleza, lakini vidole zilikataa. Nitaandika nini? Ati samahani, si mimi, ni mtoto wangu? Basi wangejua ni zote. Nikaweka simu kwa mfuko. Nikarudi nyumbani nikapata mathe amekaa, amepata nguvu, anachana nywele.

"Kumejibiwa kitu ingine?"

"Hapana, mum."

Asubuhi yake ilikuwa Alhamisi. Mathe alikuwa bado na udhaifu kwa miguu, nikamwambia nitampeleka. Akashangaa, juu mimi si mtu wa kupeleka mtu mahali. Akafurahi. Nikabeba kikapu yake. Nilikuwa nimejiambia, tukifika Ngong Road nitamwambia. Tukafika Ngong Road, akaanza kunihadithia mtoto mmoja wa baby class mwenye humwita Cook Mummy. Nikajiambia, tukishuka Kawangware. Tukashuka Kawangware, akakutana na mwanamke wa kuuza sukuma mwenye anamjua, wakasalimiana, wakacheka. Nikajiambia, kwa kona. Alafu kona ikaisha, geti hiyo hapo.

Mzee Shiundu alitufungulia. Siku zote ananisalimia niaje kijana, lakini hiyo siku aliangalia mathe, alafu akaangalia miguu ya mathe venye inatembea. Mathe alikuwa anayumba kidogo, ugonjwa. Mzee akatikisa kichwa.

"Mama, Madam anakungoja ofisi," akasema. Na Kiswahili! Hapo kwa geti chini ya hiyo maandishi nyekundu.

Ndani ya ofisi Madam Musimbi alikuwa amekaa, miwani kwa kifua. Ticha Audrey amesimama kando, na mwalimu mwingine wa kiume simjui. Mimi nikasimama mlangoni na kikapu. Hakuna mtu aliniambia niingie ama nitoke.

"Mama Musembi," Madam akasema kwa Kiingereza, pole pole, na sauti ya huruma. "Is it true? Have you been drinking?"

Mathe akanyoosha mgongo. Hiyo neno anaijua, tuliisoma pamoja. "Yes, Madam," akajibu. Alafu, ndio isionekane hajui Kiingereza, akaongeza, "Small small. It is very bitter."

Ticha Audrey akaangalia dirisha.

"Since when do you drink?"

"From small, Madam. In Kitui. My mother was giving us, me and my brothers."

"Your mother!"

"Yes, Madam. If we refuse she is holding the nose."

Yule mwalimu wa kiume akakohoa, ile kikohozi ya kuficha kicheko. Mimi nilikuwa nimefinya mikono ya kikapu mpaka ukindu ikaniingia kwa ngozi. Si ni saa hii? Si ni hapa ningeongea?

"And now," Madam akauliza, "will you stop?"

Mathe akafikiria vizuri, juu yeye si mtu wa kuahidi uongo. "If I am okay, I stop. If it comes back, I drink again."

Madam Musimbi akafunga macho. Alipofungua akaingia Kiswahili, na hapo nikajua mambo imeharibika kabisa. "Mama Musembi. Wewe ni mtu ninapenda. Lakini hawa ni watoto wa watu, na hiyo jiko ni moto. Pombe itakumaliza."

Mathe hakusonga. Alikaa hivyo, neno pombe ikimwingia pole pole. Alafu akageuka akaniangalia. Hakuwa ananiangalia na hasira, ningeomba iwe hasira. Alikuwa ananiuliza na macho, umeandika nini?

Nikaangalia chini.

"Si pombe, Madam," akasema. "Mimi pombe sigusi."

"Mama, tafadhali. Uliandika wewe mwenyewe." Madam akachukua simu yake. Kumbe Ticha Audrey alikuwa amepiga picha meseji kabla nifute. Madam akamsomea, chupa, kutapika, yote. "Mtu mwingine angeandika hivi ningesema Kiingereza imemshinda. Lakini wewe? Wewe unaandika kushinda hawa. Na ukafuta. Mtu hafuti kitu hana aibu nayo."

Sasa elewa venye mathe alikuwa ameshikwa. Kutoka hapo kulikuwa na njia moja tu, aseme hiyo Kiingereza si yake. Aseme hata ya siku ya wazazi haikuwa yake. Ya sufuria. Zote. Na mbele ya Ticha Audrey, mwenye alikuwa anamwitanga our writer.

Alafu mama yangu, mwenye huvuka barabara akiona mtungi wa pombe, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Madam," akasema. "Sitarudia."

"Mungu anasamehe," Madam akasema, na machozi imemjaa, juu yeye pia ni mtu ameokoka na haigizi. "Kazi yako hautapoteza. Njooni tumuombee."

Wakamzunguka. Wakamwekea mikono kwa kichwa na kwa mabega. Mathe akapiga magoti hapo kwa simiti, na yule mwalimu wa kiume akaanza, pepo ya ulevi toka, pepo ya chang'aa toka, toka kwa huyu mama, toka kwa nyumba yake, kwa watoto wake, na wengine wakisema toka, toka. Huko nje watoto wa nasari walikuwa wanaimba wimbo wa asubuhi. Kuna mmoja alichungulia kwa mlango, hapo chini ya mkono yangu, akaona Cook amepiga magoti, akakimbia kuambia wengine.

Nikaskia nikiongea.

"Si yeye!"

Nilikuwa nimepiga kelele. Maombi ikasimama. Madam akaniangalia na mkono yake ikiwa bado kwa kichwa ya mathe.

"Mama hajui kuandika Kiingereza," nikasema. "Ni mimi naandikanga. Alikuwa anakunywa mwarobaini. Ya tumbo. Nilitaka kuandika have drunk nikaona iko na drunk ndani, nikaweka have been drinking, nikadhani… Nikadhani ni ya kuendelea."

"Musembi," mathe akasema chini chini, kutoka hapo kwa simiti. "Nyamaza."

"Ni wewe uliandika?" Madam akauliza. "Hiyo peke yake?"

"Zote."

"Hata ya siku ya wazazi?"

"Hata hiyo."

Alafu ikaanzia kwa Ticha Audrey, kitu kidogo kwa pua. Mwalimu wa kiume akageukia ukuta. Na Madam Musimbi akajaribu, aki alijaribu, alishika meza, lakini ikamshinda. "Mwarobaini!" akasema. "If we refuse she is holding the nose! Mungu wangu, na nimekemea pepo!" Wakacheka mpaka Madam akatoa kitambaa akajifuta macho. Kicheko haikuwa mbaya. Ilikuwa ya watu wamefurahi kuwa mtu wao si mlevi. Hiyo ndio ilikuwa mbaya zaidi, hakuna mtu wa kukasirikia.

Mathe alikuwa bado amepiga magoti. Hakuna mwenye alikumbuka kumwinua. Nikaweka kikapu chini nimshike mkono, akaivuta mkono yake, akajiinua mwenyewe na kiti.

"Na wewe kijana," Madam akaniambia, akicheka bado, "English ulipata nini?"

"B plain."

"B plain! Next time sema tu I have taken some medicine. Ya kawaida. Si lazima kila kitu iendelee." Alafu akashika mathe kwa bega, na ni mtu mwema, nakuambia. "Mama, enda jikoni, watoto wanangoja uji. Na kuanzia leo ukitaka kuniambia kitu, usisumbuke. Wewe niambie tu na Kiswahili. Ama unitumie sauti."

"Asante, Madam," mathe akasema.

Nikamfuata jikoni. Ni kibanda ya mabati huko nyuma, jiko mbili, sufuria kubwa. Hakuniambia nisikuje. Akawasha moto, akapima unga, akakoroga. Mimi nikakaa kwa gunia ya makaa na sijui mikono niweke wapi.

"Mum, walikuwa wanakuombea pepo ya pombe," nikasema. "Ningekaa tu?"

Akakoroga.

"Mum."

"Nilikuwa nimekubali," akasema. Hakugeuka. "Nilikuwa nimepiga hesabu yangu nikakubali. Wewe nani alikutuma?"

"Lakini ilikuwa ni uongo. Wangekuita mlevi."

"Mlevi anaombewa, anaacha. Watu wanasema, angalia Mwongeli, Mungu amemtoa mbali." Akaonja uji kwa mkono, akaongeza maji. "Mimi sasa wataniombea niache nini?"



Ticha Audrey akachungulia mlangoni. Ni msichana poa, miaka yake haijanipita sana, na siku zingine ningekuwa nimesimama nikajitengeneza kola. Huyo Audrey siku zote akikuja jikoni anasema, good morning, our writer, is it ready? Na mathe anajibu, almost, teacher. Wanacheka.

Hiyo siku alisimama akaongea pole pole na kwa sauti kubwa, ile ya kuongelesha shosho mzee mwenye haskii vizuri.

"Mama. Uji. Imeiva?"

Haikuwa kwa ubaya. Alikuwa anamsaidia.

Mathe akamwangalia kidogo. "Imeiva, mwalimu," akasema.

Audrey akainua dole gumba, akatabasamu, akaenda. Mathe akaanza kupanga vikombe za plastiki kwa sinia, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani, venye watoto wanapenda. Nikainuka nimsaidie. Akasongesha sinia upande ule mwingine.

"Lete simu," akasema.

Simu yake nilikuwa nayo kwa mfuko. Nimekaa nayo miaka, ni kama yangu. Nikampatia. Akaiangalia mbele na nyuma, akaitia kwa mfuko ya aproni.

"Sasa nenda, mwana wakwa."

"Niende wapi?"

"Kwani mimi ndio najua?"

Nilikuwa nimefika mlangoni simu ikalia ndani ya aproni, ile mlio ya grupu. Alafu ikalia tena. Tena. Walikuwa wameanza kuandika. Nikasimama nikingoja anyooshe mkono, aniulize wanasemaje, juu hivyo ndio tunafanyanga.

Mathe akashika sinia na mikono miwili akapita kando yangu, aproni ikilia, akaenda kupatia watoto uji.